Benchi la nyuma

Mwanangu Neema,

Swali lako, nani alionewa katika ile kesi ya mauaji ya Perugia, Italia, limeninyima usingizi. Unasema darasani wote mlimhurumia Amanda Knox, yule mwanafunzi Mmarekani aliyeshtakiwa. Hata mimi namhurumia. Binti wa miaka 20, anahojiwa hadi alfajiri bila wakili, kisha magazeti yanachambua mapenzi yake kana kwamba ndiyo ushahidi. Raffaele Sollecito, mvulana aliyeshtakiwa naye, hakuandamwa namna ile. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Italia iliwafutia wote wawili hatia ya kumuua Meredith Kercher, Mwingereza aliyeishi nyumba moja na Amanda.

Lakini mtazame na Patrick Lumumba, mzaliwa wa Kongo, mwenye baa mjini humo. Katika mahojiano yale Amanda alimtaja yeye kuwa ndiye muuaji, naye akakaa ndani wiki mbili. Kilichomtoa ni mteja wake, profesa kutoka Uswisi, aliyeeleza kwamba usiku wa mauaji walikuwa pamoja pale baa. Najiuliza angekuwa wapi leo kama usiku ule angewahudumia vibarua wenzetu weusi tu. Baa yake ilikufa. Huko Seattle, kwao Marekani, marafiki wa Amanda walichanga fedha, familia ikaajiri wataalamu wa habari, seneta Maria Cantwell akapaza sauti. Siwalaumu. Ungekuwa ndani wewe, ningeuza hata bati la nyumba. Ila kwa Lumumba sikusikia seneta.

Ukienda mahakamani kwa mafunzo, kabla hujafungua jalada geuka uangalie benchi la nyuma. Nilipokuwa karani niliona, wiki moja, kijana wa mwenye maduka akisomewa shtaka la kujeruhi: watu walijaa hadi madirishani, na wadhamini wakagombania kusaini. Siku mbili baadaye akapanda kizimbani dereva wa bodaboda, wizi wa simu. Nilitoka mlangoni nikaita mara tatu, "Wadhamini wa mshtakiwa!" Akasimama mama mmoja, nauli imefungwa kwenye pindo la khanga. Kitambulisho hana, barua ya mtendaji hana. Hakimu akaahirisha wiki mbili.

Mama yule alikimbilia karandinga na mfuko wa vitumbua. Askari aliupokea dirishani gari likiwa tayari linaondoka.

Baba yako