Mombasa isitegemee bwawa pekee

Kwa Mhariri,

Mjadala wa maji Mombasa umeelemea mno Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale, kana kwamba likikamilika shida zetu zitakuwa zimekwisha. Jiji hili hutegemea vyanzo vilivyo nje yake, na kila kimoja kina udhaifu wake: maji ya chemchemi za Mzima huteremka yenyewe kwa mwinuko wa ardhi, lakini hupitia bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950, ilhali ya Baricho, kando ya mto Sabaki, husukumwa kwa pampu, hivyo stima ikikatika mifereji hukauka na mikokoteni ya mitungi ya lita 20 huanza kupita mitaani.

Kabla ya kuongeza maji, na tuunganishe mabomba makuu ili chanzo kimoja kikizimika kingine kisaidie, tujenge matangi ya akiba, kisha tufunge vali na mita za kila mtaa zitakazoonyesha maji yanavujia wapi. Kazi hii haina sherehe ya kukata utepe, na huenda ndiyo sababu huahirishwa kila bajeti inapopangwa.

Msomaji,
Likoni, Mombasa