Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Duma wa Serengeti wawekewe kikomo cha magari

Kwa Kamishna wa Uhifadhi,
Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA),
Arusha.

Mheshimiwa Kamishna,

Naandika nikiwa dereva mwongozaji wa watalii, mkazi wa Arusha, na naandika hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa pia madereva wenzangu, wenye kampuni, mawakala na wageni wenyewe, ambao ni vyema walisikie kwa pamoja. Ombi langu ni moja. Naomba shirika unaloliongoza liweke na kusimamia kikomo kinachohesabika cha magari yanayoruhusiwa kusimama kwa duma au chui mmoja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pamoja na muda wa kukaa hapo pale wengine wanaposubiri, na utaratibu wa namna hiyo ufike kwenye vivuko vya nyumbu vya mto Mara, upande wa Kogatende, kaskazini mwa hifadhi.

Kanuni ambazo kila dereva anazifahamu ni nzuri: kutoacha barabara, kutozidi kilomita 50 kwa saa, kutoshuka garini mahali pasiporuhusiwa, kutopiga kelele wala kulisha wanyama. Ukizitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba zote zinamhusu dereva mmoja na gari lake moja. Gari la kwanza linalomkuta duma karibu na Seronera, katikati ya hifadhi, linaweza kuwa limezifuata zote, la ishirini vilevile, na bado duma yule akawa amezungukwa kila upande, haoni swala, na swala wamekwisha kushtuka na kusogea. Kosa hapo halimo ndani ya gari lolote peke yake. Limo katika wingi, na wingi hauna leseni inayoweza kufungiwa.

Namtanguliza duma kwa sababu maisha yake yanagongana na ratiba zetu kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Simba huwinda zaidi usiku, na chui ana miti na vichaka vya kumsitiri, lakini duma, kwa kuwakwepa simba na fisi ambao humnyang'anya mawindo na kuwaua watoto wake, huwinda mchana, hasa asubuhi na alasiri, saa zile zile ambazo magari yametoka kambini. Mbio zake ni kali lakini ni fupi. Akimkosa swala hulazimika kupumzika kabla ya kujaribu tena, na akimpata hukaa akihema kwa muda kabla hajaanza kula, wakati ambao fisi yeyote aliye karibu anaweza kufika na kumpokonya. Jike mwenye watoto wachanga huwaficha majanini kwa wiki kadhaa za mwanzo, akiwaacha kwenda kuwinda na kuwarudia, kisha huanza kutembea nao. Magari yakijipanga bampa kwa bampa kati yake na watoto waliobaki nyuma, hakuna kanuni iliyovunjwa na dereva yeyote, lakini familia imekwisha kutenganishwa.

Watafiti wamewafuatilia duma wa Serengeti tangu miaka ya 1970, na waligundua kwamba katika tambarare zile ni takribani mtoto 1 tu kati ya 20 aliyefikia umri wa kujitegemea, wengi wao wakiuawa na simba. Hiyo ni kazi ya maumbile, na sina neno nayo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, ambao ni majirani wa Serengeti hii hii, ulionyesha kwamba majike waliokuwa katika maeneo yenye watalii wengi walifikisha kwenye umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, ilhali wale wa maeneo yenye watalii wachache walifikisha wastani wa 2.3. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa kwenye makabrasha, hasa tukikumbuka kwamba makadirio ya mwaka 2016 yaliwahesabu duma wa dunia nzima kuwa takribani 7,100 tu.

Kwa nini basi tunajazana? Jibu linaanzia kwenye redio ya gari. Dereva akimwona duma huwatangazia wenzake kwa moyo mwema, maana jana yeye ndiye aliyetangaziwa, na baada ya dakika chache magari yaliyokuwa yametawanyika bondeni yote yanaelekea mahali pamoja. Anayetaka kubaki nyuma ana mengi ya kujieleza, kwa kuwa wageni wake wameona vumbi la wengine, wameuliza wanakimbilia wapi, na mmoja wao ameshika orodha ya wanyama aliyoahidiwa na wakala kabla hajapanda ndege. Madereva wengi hawana mkataba wa kudumu, hulipwa kwa siku za safari, na sehemu kubwa ya wanachopeleka nyumbani ni bakshishi inayotolewa siku ya mwisho. Mwenye kampuni naye anafuatilia kwa wasiwasi maoni ambayo wageni wataandika mtandaoni. Katika hali hiyo, kumtaka dereva mmoja mmoja atumie busara ni kumtaka ajinyime ugali ili jirani yake ale mara mbili, kwa sababu nafasi aliyoiacha huzibwa papo hapo na duma hapati nafuu yoyote.

Ndiyo maana naamini kwamba kikomo kilichoandikwa kingemlinda dereva kuliko kumbana. Leo mgeni akiomba kushuka apige picha karibu na simba, dereva humjibu kwa utulivu kwamba sheria ya hifadhi hairuhusu, na mgeni huridhika, kwani hakuna anayetaka kugombana na sheria. Mgeni huyo huyo akiuliza kwa nini tumesimama mita 300 kutoka kwa duma wakati wengine wako karibu, dereva hana pa kuegemea isipokuwa maoni yake mwenyewe, na maoni ya dereva hayana uzito mbele ya mtu aliyeweka akiba kwa miaka ili aje Serengeti.

Jambo ninaloliomba si geni ndani ya shirika lako. Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, wageni wanaokwenda kuwaona sokwemtu huwekewa idadi ndogo kwa kila kundi, huvaa barakoa na hukaa nao kwa saa moja tu, na bado watu husafiri hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na kurudi wakiisifia safari yao. Kwa upande wa Moshi, mizigo ya wapagazi wa Kilimanjaro hupimwa kwenye mizani langoni ili isizidi kilo 20. Kanuni hiyo imemnusuru mpagazi kwa sababu mzigo una kipimo, na mwenye kampuni anajua kwamba mizani itasoma kilo zile zile bila kujali anafahamiana na nani. Ng'ambo ya mpaka, kanuni za Maasai Mara zinataja magari 5 kwa mnyama mmoja na dakika 10 pale wengine wanaposubiri. Sidai kwamba huko zinafuatwa kila siku (waongoza watalii wa pande zote mbili tunajua yanayotokea Agosti), lakini askari anayekuta magari 14 mahali panaporuhusiwa 5 hahitaji kubishana na mtu yeyote, anahesabu tu.

Kwa maoni yangu, magari 5 yanatosha kwa duma au chui, na yanayosubiri yasimame mbali, barabarani, mahali ambapo hayamzibii mnyama njia. Duma aliyeanza kunyemelea asifuatwe na gari hata moja hadi amalize, awe amepata au amekosa. Kwa simba waliolala juu ya vilima vya mawe sioni haja ya ukali wa kiasi hicho, na nitashangaa nikisikia dereva mzoefu akisema vinginevyo.

Vivuko vya mto Mara vina tatizo lao. Kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu hukusanyika ukingoni, husita, hurudi nyuma, hurejea tena, wakati mwingine kwa saa nyingi, hadi mmoja anapojitosa. Desturi ya kusubiri mbali na ukingo mpaka kundi lianze kuingia majini kila dereva wa kaskazini anaijua. Lakini gari moja likisogea mapema, yaliyobaki husogea yote, na nyumbu waliokuwa na mteremko mzuri wa kushukia au kupandia hujikuta mbele ya ukuta wa magari, wakageuka na kujitupa kwenye kingo za wima ambako huvunjika miguu na kukanyagana. Picha zilizosambaa mitandaoni Julai 2025, zikionyesha wageni walioshuka magarini ukingoni huku nyumbu wakitafuta njia, zilitutia aibu sote wa kazi hii, hata tuliokuwa mbali na mahali pale. Hapa napendekeza kila kivuko kiwe na mstari wa kusubiria uliowekwa alama ardhini, na magari yaruhusiwe kusogea kwa amri ya askari peke yake, kwa idadi ambayo kivuko husika kinaweza kuibeba.

Najua litakalosemwa kwanza: askari hawatoshi na Serengeti ni kubwa, kilomita za mraba 14,763. Msongamano, hata hivyo, hauko kote. Uko katika bonde la Seronera na mazingira yake, na kwenye vivuko vichache vya kaskazini kwa miezi michache ya mwaka. Magari mawili ya doria yenye askari wanaosikiliza redio zile zile tunazozitumia sisi yangeweza kufika kila duma anapotangazwa, kwa sababu tangazo hilo hilo linalotuita sisi lingewaita na wao.

Gumu zaidi ni adhabu. Faini ikimwangukia dereva peke yake, wapo wenye kampuni watakaoichukulia kama gharama ya dereva na si ya biashara yao, na msukumo wa kumtaka asogee karibu utabaki pale pale. Naomba kosa la kuzidisha magari liandikwe kwa jina la kampuni, na kampuni inayolirudia izuiwe kuingiza magari katika eneo husika kwa kipindi fulani cha msimu. Siku mwenye kampuni atakapompigia simu dereva wake kumwambia akae mbali, kanuni hiyo itakuwa imeanza kufanya kazi bila askari kuwapo.

Kuna na suala la saa, ambalo likisahauliwa litaharibu mengine yote. Kibali cha wageni wanaolala ndani ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, na dereva anayetoka kupitia lango la Naabi anaijua dakika ya mwisho ya wageni wake kama anavyojua jina lake. Zamu ikiwekwa, yupo atakayesubiri kwa adabu hadi akachelewa langoni na kutakiwa kulipia tena, na mwingine atakayeona hivyo na kuamua kuvunja zamu au kukimbiza gari kwenye barabara ya vumbi, ambako swala na watoto wa nyumbu huvuka bila kutazama. Naomba askari wa eneo apewe uwezo wa kuandika nyongeza fupi ya muda kwa gari lililosubiri kihalali, na lango liitambue.

Vilevile, sehemu kubwa ya Ndutu, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi na duma ni wengi, iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na si chini yako. Duma hajui mpaka ulipo. Kanuni mbili zinazopingana zitatuchanganya madereva na kuwapa visingizio wasiotaka kutii yoyote, kwa hiyo mazungumzo ya taasisi hizo mbili yanahitajika mapema.

Sipingi ongezeko la watalii. Ndilo linalowasomesha watoto wetu wa Sakina, Njiro na Ngaramtoni. Nchi ilipokea zaidi ya wageni milioni 2 kutoka nje mwaka 2024, na hakuna dalili kwamba watapungua. Lakini ilikuwa hapa hapa Arusha, Septemba 1961, kabla hata ya Uhuru, ambapo Mwalimu Nyerere alitoa ahadi ya kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, na Serengeti imeshawahi kuwapa duma nafasi kwa vitendo, pale eneo la tambarare za mashariki karibu na Soit le Motonyi lilipofungwa kwa watalii kwa takribani miaka 20. Ninachokiomba ni kidogo kuliko hicho, kwani hakuna eneo litakalofungwa.

Naomba, kwa hiyo, majaribio ya msimu mmoja, Seronera na Kogatende, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ikipima mwenendo wa duma kabla na baada, na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka wakisaidia kuhesabu magari. Kabla ya hapo naomba utuite madereva wenyewe, si wenye kampuni peke yao, ili kanuni iandikwe na watu wanaojua gari linavyogeuka kwenye njia nyembamba ya Seronera. Aprili na Mei, masika yanapopunguza safari, wengi wetu tuko nyumbani, na tukipata taarifa wiki moja kabla tutafika katika ukumbi wowote hapa mjini.

Wako katika kazi,
Dereva mwongozaji wa watalii,
Arusha.