Anayedai hakuna utafiti aonyeshe alikotafuta

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie kauli inayojirudia katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wetu wa fasihi ya Kiswahili hapa Nairobi: kwamba mada yao "haijawahi kutafitiwa". Mimi hufundisha fasihi na kusimamia tasnifu, na kauli hiyo hunisikitisha kwa sababu mara nyingi si kweli. Utafiti upo. Mwanafunzi hakuupata kwa kuwa hatukumfundisha kuutafuta.

Tuseme anachunguza Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Anafungua hifadhidata ya maktaba, pengine JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, na kuandika mada yake nzima kama ilivyo: "taswira ya mwanamke na maadili katika Utenzi wa Mwana Kupona". Hapati cha maana, anafunga. Hifadhidata hulinganisha maneno tu, haijui anachokusudia. Huenda mwandishi wa makala alisema "utendi", au aliliunganisha jina likawa Mwanakupona, au aliandika kwa Kiingereza au Kijerumani. Mzoefu huanza na jina peke yake ndani ya alama za kunukuu, akaongeza tahajia nyingine kwa kuziunganisha na OR (yaani "au"), kisha akapunguza kwa AND (yaani "na") matokeo yakizidi.

Lipo jambo ambalo miongozo ya kutafuta hailigusi kwa urahisi, maana imeandikwa kwa kufuata Kiingereza. Hushauri mtu aandike shina la neno na kuweka nyota (*) mwishoni, apate neno hilo pamoja na jamaa zake. Lakini maneno yetu hubadilika mwanzoni. Shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi: nyota ya mwishoni haiwezi kuyakusanya haya. Inabidi uyaandike yote, OR katikati ya kila moja. Ni kazi ya dakika chache, ila mwanafunzi asiyeambiwa ataiamini kompyuta inapomjibu kwamba hakuna kitu.

Katalogi nazo zina njia zake. Maktaba nyingi za vyuo hutumia vichwa vya mada, yaani majina rasmi ya kupangia vitabu kwa mada, vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na humo uhakiki wa tungo zetu huwekwa chini ya "Swahili poetry". Ukipata kitabu kimoja kizuri, fungua rekodi yake ubonyeze kichwa hicho, wenzake watajitokeza.

Wapo pia wanaofika kwenye orodha ya machapisho ya MLA (Modern Language Association, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani), iliyoanza mwaka wa 1921 na ambayo ni hazina kubwa kwa mtu wa fasihi, wakakata tamaa kwa kuona kichwa cha makala bila makala yenyewe. Kazi ya orodha hiyo ni kukueleza kwamba kitu kipo na kimechapishwa wapi. Kukipata ni hatua nyingine, na mkutubi yupo kwa ajili hiyo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba anayetafuta katika hifadhidata kubwa za ng'ambo pekee hupitwa na wasomi wa hapa kwetu. Majarida ya Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamebeba mijadala ambayo hutaiona kwingine. Swahili Forum, linalochapishwa tangu 1994, husomwa bure mtandaoni. AJOL (African Journals Online), yenye makao Afrika Kusini, imekusanya majarida ya Afrika nzima. Zipo pia tasnifu katika hazina za kidijitali za vyuo vyetu, nyingine zimeandikwa na watu walioketi katika madarasa hayahaya. Katika mji huu, mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi ya Afrika iwe kiini cha masomo katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Haifai leo tasnifu ya fasihi ya Kiswahili ipite bila kutaja hata makala moja kutoka Dar es Salaam.

Ninaziomba idara za Kiswahili zifanye mambo mawili. Kwanza, mkutubi aingie darasani kabla ya mapendekezo kuandikwa, na afundishe kwa mifano ya Kiswahili. Pili, mwanafunzi anayedai mada yake haijatafitiwa aambatishe ukurasa mmoja unaoonyesha hifadhidata alizopekua, maneno aliyotumia na tarehe aliyotafuta. Nasi wasimamizi tuusome ukurasa huo, turudie tafutizi mbili tatu sisi wenyewe, na tusitie saini hadi turidhike.

Mwalimu wa fasihi,
Nairobi