Usichemshe hiyo mizizi kwanza

Monduli, Jumapili usiku

Mama Neema mpenzi,

Habari za Morogoro? Huku hatujambo, Baraka tu ana kikohozi. Salamu nyingine zitafuata, maana picha uliyonitumia jana imeninyima usingizi.

Hiyo mizizi mliyoletewa kwa ajili ya magoti ya Baba Neema, mkaambiwa ni ya mtandamboo, nakuomba usiichemshe. Nimeikuza picha nimeitazama tawi kwa tawi, sioni mwiba hata mmoja. Mtandamboo gani huo usio na miiba? Wangu hapa uani una miiba mirefu iliyonyooka, ukipita karibu kitenge kinabaki.

Naogopa ni msungu, ule ambao Wamasai wanauita olmorijoi. Ni ndugu kabisa na mtandamboo: majani ya kijani mwaka mzima, maua meupe yenye wekundu yanayonukia, utomvu kama maziwa, hata matunda yanaiva rangi ya zambarau. Lakini huo ndio wawindaji wanaouchemsha wakapata sumu ya mishale, nyeusi kama lami. Inashika moyo, Mama Neema. Kuna panya mmoja wa manyoya marefu anatafuna gome lake na kujipaka yale mate. Mbwa akimng'ata, anaweza kufa.

Unakumbuka supu ya Koko, yaani bibi? Mifupa ya mbuzi, na kipande cha mzizi wa mtandamboo unachokisikia harufu kabla hujafika mlangoni. Koko hakununua mizizi kwa mtu. Alichimba mwenyewe, upande mmoja tu wa shina, akakata mzizi mmoja wa unene wa kidole, akafukia vizuri kichaka kiendelee kuishi.

Na wewe panda wa kwako. Matunda yakishakuwa meusi nitayakamua, nioshe mbegu, nianike kivulini, nimpe Mama Upendo akishuka huko. Zipande mapema, zisikae kabatini. Usizizamishe sana, na kitalu kiwe chini ya kivuli. Miche inakua polepole, usiikatie tamaa. Mbuzi wanaipenda, kwa hiyo izungushie matawi mpaka ipate miiba yake ya kujilinda. Ikisimama una uzio, na watoto wana matunda.

Ila magoti hayawezi kusubiri uzio, najua. Mpeleke hospitali. Na kwa kuwa anameza vidonge vya presha, hata ukipata mtandamboo wenyewe, daktari aambiwe kwanza. Yule wa mwaka jana aliyewaficha madaktari mnakumbuka yaliyomkuta… tuyaache.

Sasa nijibu. Nani alichimba hiyo mizizi, na alichimba wapi? Kichaka chenyewe umekiona kwa macho yako au picha tu? Baba Neema ameshaonja? Kama ameonja, anatapika, moyo unamwendaje? Kama ndiyo, usimalize hata kusoma, mkimbize hospitali na kipande cha tawi mkononi wakione.

Simu yangu iko wazi, piga hata saa nane za usiku.

Wako,
Mama Baraka