Mtalii anauliza ngozi imetoka wapi, tumjibu kweli

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme jambo ambalo sisi wauza mikoba ya ngozi hapa Kampala tunalijua na hatulisemi. Baadhi ya bidhaa tunazowauzia wageni kwa jina la "ngozi ya Ankole" hazina uhusiano wowote na ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu wa magharibi mwa Uganda. Nyingine si ngozi kabisa, ni plastiki iliyochapwa vinyweleo.

Nimeshona ngozi kwa miaka 14. Nilipoanza, mgeni alishika mkoba, akauliza bei, akaomba apunguziwe, basi. Alitaka kitu kinachong'aa, kisicho na doa, kilichofanana na alichokiona dirishani Paris au Milan. Hiyo ndiyo ilikuwa anasa. Siku hizi wako wanaonusa mkoba kwanza, wanaugeuza ndani nje, kisha maswali yanaanza: ng'ombe alifugwa wapi, nani ameshona, maji ya kiwandani yanamwagwa wapi. Msimu uliopita mama mmoja kutoka Ujerumani aliniuliza habari za kromu, kemikali ya kusindikia ngozi, kabla hajauliza bei. Sikuwa na jibu, nikaona aibu, nikaenda kutafuta.

Nilichojifunza ni hiki. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromu kwa sababu ni haraka. Kazi inayochukua wiki kadhaa kwa magome ya miti ya miwati humalizika kwa siku moja au mbili. Hatari kubwa ni pale kromu hiyo inapogeuka kuwa kromu 6, ambayo huwasha mwili na inaweza kuleta saratani. Tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zikiwa na miligramu 3 au zaidi za kromu 6 katika kila kilo. Kwa hiyo yule mama hakuwa msumbufu. Aliuliza swali la kawaida kwao. Na mgeni kama yeye, akitoka kibandani kwangu, kesho yake yuko Jinja ndani ya mtumbwi, pale Nile inapotoka ziwani, na Jinja ndiko baadhi ya viwanda vyetu vya ngozi viliko. Atayatazama yale maji akikumbuka nilichomjibu.

Kuna wenzangu wanaosema haya ni maneno tu, kwamba mtalii anahubiri mazingira kisha anabana bei hadi ya mwisho. Ni kweli, nimewaona. Mtu anakaa nusu saa akisifu kazi ya mkono, halafu anaondoka na mkoba wa bei rahisi wa jirani. Lakini mtalii huyohuyo amelipa dola 800, bei ya kibali iliyoanza Julai 2024, akae saa moja tu na sokwe wa milimani (gorila) katika hifadhi ya Bwindi. Amelipa kwa sababu ameelezwa sokwe ni wachache, wanalindwa, na vijiji jirani vinapata sehemu ya mapato. Kwake anasa na utunzaji vimekuwa kitu kimoja. Mkoba wangu ameelezwa nini? "Good price, my friend." Hapo atalipia nini?

Tunavyo vya kumweleza. Ngozi zetu zina makovu ya kupe, miiba na chapa za moto, na kwa miaka mingi tuliyaficha kwa rangi nzito. Nimeacha kuyaficha. Mkoba wenye alama ya chapa nauwekea bitana ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, mti unaobanduliwa ukafungwa majani ya mgomba na kuota gome jipya bila kukatwa. Ndio mikoba inayouzika kwangu kwa bei nzuri kuliko yote.

Kovu la kisu ni jambo jingine. Marehemu baba alikuwa mchinjaji mjini Bombo, na alikuwa mkali sana kwa vijana waliochuna wakiwaza nyama tu. Ngozi iliyotobolewa mgongoni haitoi mkoba, na isiyotiwa chumvi mapema huoza kabla haijafika kiwandani. Hasara hiyo haitokani na mtalii wala kiwanda. Inatokea machinjioni alfajiri, kwa sababu mchunaji hapati hata shilingi ya ziada kwa ngozi safi. Halmashauri zinazosimamia machinjio zianze hapo: ngozi ipimwe ubora, na aliyeichuna vizuri alipwe kwa hilo.

Viwanda navyo vituandikie kwenye risiti ngozi imesindikwa kwa nini, ili fundi apate cha kumwonyesha mteja. Na wanaouza ngozi za chatu na mamba bila karatasi waache. Mgeni anaweza kunyang'anywa kwenye uwanja wa ndege wa kwao kwa mujibu wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Uganda ni mwanachama.

Kwa wenzangu wenye vibanda nina ombi moja. Wageni wa Juni hawako mbali. Kabla hawajafika, tuondoe neno Ankole kwenye kila kitu ambacho hatujui kimetoka wapi. Plastiki tuiuze kwa jina la plastiki na kwa bei yake.

Fundi wa ngozi,
Kampala