Nalala mchana: nichukue nyumba ya Milimani au ya Migosi?

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Kiboswa, hapa mpakani mwa Kisumu na Vihiga. Nina jambo ambalo kila ninayemuuliza hunijibu upesi, na jibu lake huwa linamfaa yeye.

Mimi ni muuguzi mjini Kisumu. Zamu zangu nyingi ni za usiku, na niliziomba mwenyewe ili watoto wakitoka shule wanikute nyumbani. Kwa hiyo usiku wangu unaanza saa tatu asubuhi na kuisha kama saa tisa alasiri. Wengine wote nyumbani hulala gizani, na nyumba huipima kwa giza hilo.

Tunahama kwa sababu hii tunayokaa inauzwa. Hata isingeuzwa, barabara imenichosha. Asubuhi nikitoka kazini nakaa kwenye matatu inayongoja kujaa, halafu tunapanda Mamboleo na Riat nikisinzia dirishani mpaka kondakta anigonge bega. Hapa tuna ua, mama mkwe ana mrenda wake na kuku, na hewa ya huku juu ni baridi kuliko ya mjini. Hayo tumekubali kuyaacha.

Nyumba zilizobaki mezani ni mbili. Ya kwanza iko Milimani, ghorofa ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na lifti hakuna. Kodi ni 32,000 kwa mwezi. Ni kimya, geti lina mlinzi, na ukisimama kwenye dirisha la chumba cha kulala unaliona ziwa. Mume wangu alisimama pale akanyamaza, nikajua huyu ameshahamia.

Shida ni kwamba dirisha hilo la ziwa linatazama magharibi. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua hupita karibu utosini. Ukuta wa kaskazini au wa kusini haupati adhabu kubwa, lakini wa magharibi huchomwa kuanzia adhuhuri mpaka machweo. Na juu ya dari hakuna mtu mwingine, ni zege tupu, na zege likishanyonya joto halilitoi haraka. Tulienda kuiona saa nane mchana. Niliweka kiganja ukutani nikakiondoa. Chumba cha pili kinatazama mashariki, maana yake jua linakiingia saa zile zile ninapopanda kitandani.

Mume wangu anasema upepo wa ziwa utanipooza. Ni kweli upo, kwa kuwa nchi kavu hupata joto kabla ya maji, na hewa ya ziwani huvutwa kuja mjini. Lakini unaanza kuvuma vizuri alasiri, wakati mimi nakaribia kuamka. Tena silali bila neti. Malaria ya huku ziwani naihudumia kila wiki, siwezi kuifanyia mzaha. Neti nayo inapunguza upepo. Feni itasaidia, mpaka stima ipotee. Na stima ikipotea, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu nayo inalala.

Ya pili iko Migosi, chini kabisa, 20,000. Dirisha la chumba chetu linatazama kaskazini, ghorofa za juu zinatukinga na jua, na ndani ni baridi hata mchana. Maji ya mfereji yanafika yenyewe bila pampu. Mama mkwe ana magoti mabaya, ingawa yeye anasisitiza atapanda ngazi popote tutakapompeleka. Mume wangu anafundisha sekondari upande wa Chavakali, na kutoka Migosi ni hatua chache kufika barabara ya Kakamega akapata matatu. Akitoka Milimani itabidi kwanza apande boda au tuktuk. Ukimwuliza haya yote anakubali moja moja, halafu anarudi kwenye ziwa.

Ningekuwa nimeshalipa ya Migosi, Shangazi, lakini mbele ya geti kuna fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Msumeno wake wa kukata vyuma unaanza asubuhi, mara tu ninapotarajia kufumba macho. Ajenti aliniambia nitazoea. Huyo naona hulala usiku. Nilirudi Jumapili nikidhani nitapata kimya. Fundi alikuwa amefunga, lakini kanisa la mtaa wa pili lilikuwa na spika za kutosha uwanja mzima. Kuziba masikio siwezi, kwa sababu shule ikipiga simu kuhusu mtoto lazima niisikie.

Dada yangu ananihimiza nihamie halafu nishtaki. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayozisimamia, hilo najua. Lakini nimkute fundi wa watu pale anatafuta riziki yake, mimi ndiye mgeni, halafu nianze kumwandikia barua? Moyo unakataa.

Kuhusu pesa, tofauti ni 12,000 kila mwezi. Mume wangu anasema ataibeba yeye. Mshahara wa mwalimu naujua, Shangazi, huwa naupokea naye. Jambo lingine ni kwamba sheria ya kudhibiti kodi, ile ya Sura ya 296, inawakinga wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500. Sisi tuko mbali sana na hapo, kwa hiyo mkataba tutakaotia sahihi ndio ngao yetu. Ule wa Milimani una kurasa kadhaa na unasema kodi itapanda lini. Wa Migosi ni karatasi moja, na kuhusu kurudishiwa amana haisemi lolote.

Naomba unisaidie hapa. Kati ya joto na kelele, lipi linaweza kurekebishwa na mpangaji? Nimefikiria mapazia mazito na kabati kubwa kwenye ukuta wa magharibi kule Milimani. Kule Migosi nimefikiria kuhamishia kitanda kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambacho ajenti anakiita stoo ingawa kina dirisha. Je, mwenye nyumba akikubali kuongeza kifungu cha amana kwa mkono, kina nguvu? Na mume wangu nimwambieje bila kuonekana nimemnyima kitu kimoja alichokipenda?

Jambo la mwisho, usinicheke. Nataka kumwomba mwenye nyumba wa Migosi aniruhusu nije na mkeka na neti yangu nitoke zamu moja kwa moja, nilale katika kile chumba cha nyuma mchana mmoja kabla sijalipa. Ajenti nilipomgusia alicheka sana. Pande zote mbili zinataka amana Ijumaa ijayo, na kabla ya siku hiyo nina zamu mbili za usiku. Nimpigie simu mwenye nyumba mwenyewe, nimruke ajenti?

Ni mimi,
Muuguzi wa zamu ya usiku,
Kiboswa