Kaka, Baba sijamdogosha

Kaka, shikamoo. Ada ya Neema nimeituma jana kwa jina la shemeji, akaitoe kabla shule hazijafunguliwa. Hela ya bati ni mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Sisi wazima, ni baridi tu.

Sasa niseme lililoniuma. Nimewatumia mchoro wa Baba akiwa Irente, ule mwamba wa kwetu Lushoto, nawe ukaandika kwenye grupu kwamba nimemfanya mzee wetu mdogo kama sisimizi. Shangazi naye akakuunga mkono. Hapana, kaka! Wewe umesahau Baba alivyokuwa akifika pale mwambani, Mazinde yote iko chini yetu? Mtu aliyekuwa akikohoa nyumba nzima inanyamaza, pale alivua kofia akaishika kifuani, asiseme neno. Huyo ndiye niliyemchora.

Hapa Ujerumani alikuwepo mchoraji, Caspar David Friedrich, mzaliwa wa Greifswald, 1774. Alizunguka kisiwa cha Rügen na penseli yake akichora majabali na pwani, na michoro yake ya wino wa kahawia ikampatia zawadi Weimar mwaka 1805. Alikuwa na miaka 13 wakati mdogo wake alipokufa maji, barafu ilipopasuka. Mtu aliyeonja uchungu wa namna hiyo hawezi kumdharau binadamu. Picha yake ya mtawa ufukweni, aliyoimaliza 1810, iko hapa Berlin, na nikipata siku ya mapumziko huwa naenda kuitazama. Mbingu imechukua karibu picha yote. Mtawa kasimama mchangani, mdogo kabisa, kanzu nyeusi, mkono kidevuni. Wataalamu wameona chini ya rangi merikebu alizozichora kwanza, kisha akaziacha. Zingebaki, macho yangekimbilia huko. Sasa yupo mtawa peke yake mbele ya Mungu, na ukiingia tu chumbani ndiye unayemtafuta. Ndivyo nilivyomweka Baba.

Basi ujue, mchoro wa Baba umetundikwa kwenye maonyesho ya darasa letu la jioni, ukuta unaotazama mlango! Mama mmoja wa Kijerumani aliutaka kwa hela nzuri. Nikamwambia hauuzwi, hata kwa bei ya bati zote za nyumba.

Jamani nimekumbuka ukungu wa Lushoto asubuhi, na mama akipuliza moto.

Mchoro nauleta Desemba. Nitautundika sebuleni mwenyewe, pale penye kalenda, na shangazi nitamkalisha mbele yake nimweleze. Kalenda muihamishie jikoni.

Mdogo wako